Waliomficha Floyd Hawakuwa Wajinga

Kila anayesimulia habari za Charles Arthur Floyd, jambazi wa Oklahoma aliyepigwa risasi Oktoba 1934, lazima apite mahali pamoja. Floyd anaingia benki na rashasha mkononi, lakini kabla hajabeba fedha anafungua makabati, anatoa hati za rehani za wakulima maskini na kuzichana vipande vipande. Wengine husema alizitia moto. Mkulima aliyelala na deni anaamka hana. Wanaompenda Floyd huleta kisa hicho kama ushahidi. Wasiompenda hukicheka, kisha huongeza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba watu wa vilima vya Cookson, mashariki mwa Oklahoma, walidanganyika: njaa ya Mdororo Mkuu, ule mporomoko wa uchumi wa miaka ya 1930, iliwafumba macho wakamvisha muuaji kanzu ya mtakatifu.

Hao wa pili ndio ninaotaka kuwajibu. Siwajibu ili kukitetea kisa cha rehani. Nadhani kisa hicho kimetiwa chumvi nyingi, na nitaeleza kwa nini. Tatizo lao ni kwamba wakishakibomoa kisa wanadhani wamewabomoa na wasimulizi wake.

Kwanza takwimu moja, maana bila hiyo tutazunguka tu. Sensa ya 1930 ilikuta zaidi ya asilimia 60 ya wakulima wa Oklahoma ni wapangaji. Hawakuwa na ardhi. Walilima ya mtu mwingine, na msimu ukiisha wangeweza kuambiwa wafungashe virago waende shamba la jirani, nako wakaanze upya. Sasa, asiye na shamba hana rehani ya shamba. Huwezi kuweka rehani kitu cha mwenzako. Kwa hiyo chukua wakulima kumi wa vijijini waliokuwa wakitikisa vichwa wakisikia jinsi Floyd alivyochana hati: sita kati yao hawakuwa na hati yoyote ya shamba ya kuchanwa.

Nimekaa na hesabu hiyo muda mrefu, kwa sababu inakata pande zote mbili. Inakivunja kisa, ndiyo. Lakini inavunja pia maelezo ya wale wanaokicheka. Kama watu walimpenda Floyd kwa sababu waliamini amewafutia madeni ya mashamba, basi wengi wao walimpenda kwa sababu ambayo wenyewe walijua fika haiwahusu. Mpangaji haulizwi mara mbili kama ana shamba; analijua jibu kila mwezi wa Novemba, siku ya kugawana mavuno.

Tena hata kwa hao wanne waliobaki, karatasi ya benki haikuwa na nguvu inayodhaniwa. Rehani iliandikishwa kwa karani wa kaunti, katika daftari la serikali. Benki ingeweza kuungua yote, na deni likabaki limeandikwa mjini, mahali ambapo Floyd hakuwahi kupavamia. Wasimulizi wajanja wanalijua hilo, ndiyo maana baadhi yao husema alichana zile hati ambazo benki ilikuwa bado haijaziandikisha. Lakini hata hapo mdaiwa bado ni mdaiwa. Faida pekee ambayo mkulima angepata ni vurugu: mwaka mmoja wa mabishano, benki ikitafuta nakala na mashahidi. Katika miaka ile mwaka mmoja si haba, ila kuuita ukombozi ni kuzidisha.

Wapangaji walikuwa na madeni ya namna nyingine. Mwenye nyumbu na plau zake alimpa mwenye shamba theluthi ya mahindi na robo ya pamba. Asiye na nyumbu aligawana nusu kwa nusu. Kati ya kupanda na kuvuna alikula kwa mkopo wa duka au wa benki, na dhamana yake ilikuwa ng'ombe, gari la nyumbu, au pamba ambayo ilikuwa haijachipua. Riba za benki za Oklahoma zilikuwa na sifa mbaya tangu Floyd akiwa mtoto wa miaka kumi na moja: mwaka 1915 mdhibiti wa benki wa serikali kuu, John Skelton Williams, alizishutumu hadharani kwa kutoza kupita kiwango cha sheria. Halafu bei ikaanguka. Ratili ya pamba iliyouzwa karibu senti 17 mwaka 1929 ilikuwa chini ya senti 7 mwaka 1932. Deni lililokopwa kwa bei ya kwanza lililipwa kwa bei ya pili. Yaani mtu alichuma magunia yale yale, kwa mgongo ule ule, akapata chini ya nusu, na daftari la duka halikupunguza hata senti.

Wala watu hao hawakukimbilia kwa jambazi moja kwa moja, kama watu wasiojua njia nyingine. Mwaka 1914 mgombea ugavana wa chama cha kisoshalisti Oklahoma alipata karibu kura moja kati ya kila tano, na nyingi zilitoka kwa wapangaji wa namna hii. Agosti 1917 mamia ya wakulima wa kaunti za kusini-mashariki, Wazungu, Weusi na Wahindi Wekundu pamoja, walichukua silaha kupinga kuandikishwa jeshini katika uasi uliopewa jina la mahindi mabichi. Ulizimwa kwa siku chache, mamia wakakamatwa, na chama chao kikazikwa pamoja nao. Kwa hiyo anayesema vijiji vile havikuelewa siasa ndipo wakashangilia mwizi, ameipindua historia. Walikuwa wameshajaribu kura, wakajaribu na bunduki.

Sasa Floyd mwenyewe. Alizaliwa Georgia Februari 1904, familia ikahamia Oklahoma, karibu na Akins katika kaunti ya Sequoyah, akiwa na umri wa miaka saba. Kwao hawakumwita Pretty Boy, yaani kijana mtanashati; jina hilo lilitoka kwa polisi na magazeti, na alilichukia mpaka kufa. Kwao aliitwa Choc, kutokana na pombe ya kienyeji ya Wahindi Wekundu wa Choctaw iliyopikwa kwa siri vilimani. Kesi yake ya kwanza, akiwa na miaka 18, ilikuwa ya sarafu zenye thamani ya dola tatu na nusu za ofisi ya posta. Mwaka 1925 aliiba mishahara ya kampuni St. Louis, akafungwa Missouri hadi 1929. Aliporudi uraiani baba yake aliuawa kwa risasi, na aliyempiga akaachiwa huru na mahakama. Desemba 1930, akipelekwa kuanza kifungo kingine huko Ohio, aliruka kupitia dirisha la treni na kuyeyuka gizani. Hakufungwa tena.

Jumanne ya tarehe 1 Novemba 1932 ndiyo siku ya kuitazama kwa karibu. Floyd, na wenzake George Birdwell na Aussie Elliott, waliingia Sallisaw, makao makuu ya kaunti yake, mchana kweupe. Huu si mji ambao angeweza kujificha. Nusu ya watu waliosimama barazani walimjua tangu akiwa mtoto peku. Inasimuliwa kwamba aliwasalimia kwa majina, akaulizwa kilichomleta mjini, akajibu bila kusita kwamba amekuja kuivamia benki, na wakamtakia kila la heri. Hata ukiyapunguza masimulizi hayo kwa nusu, bado unabaki na mtu anayeiba benki kwao bila kitambaa usoni, watu wakitazama, na hakuna anayekimbilia kengele. Waliondoka na kama dola 2,500 pamoja na mfanyakazi mmoja wa benki waliyemchukua ngao, ambaye walimshusha akiwa salama nje kidogo ya mji.

Mtu makini atauliza: zile zilikuwa fedha za nani? Swali la haki, na watetezi wa Floyd hulipita haraka mno. Bima ya serikali kuu kwa wenye akiba ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1934 tu. Kabla ya hapo fedha iliyotoka kwenye sefu ya benki ndogo ya mji mdogo inaweza kuwa ya mjane aliyeuza mbuzi wake. Benki nyingi zilikuwa na bima binafsi ya wizi, ni kweli, lakini ada za bima hizo Oklahoma ziliripotiwa kupanda mara mbili kwa sababu ya Floyd na wenziwe. Nani alizilipa ada hizo mwishowe? Benki haina mfuko wake mwingine zaidi ya riba ya wakopaji.

Basi tupime na upande wa pili wa mizani. Kati ya 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 za Marekani zilifunga milango, na wenye akiba wakapoteza zaidi ya dola bilioni moja. Hizo hazikuchukuliwa na mtu mwenye rashasha. Zilipotea asubuhi moja kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, na mara nyingi yule meneja aliyeibandika alirudi nyumbani kwake, akala chakula cha mchana. Mtu aliyesimama barazani Sallisaw alikuwa ameona yote mawili. Aliona benki zikifa na akiba za watu, akaona na Choc akitoka na mfuko. La pili halikumtisha kama la kwanza. Unaweza kusema hakuwa na haki ya kufurahi. Kusema hakujua kupiga hesabu ni jambo jingine.

Kilichobaki mikononi mwa watu, ukiondoa hadithi, ni vitu vidogo. Alipolala alilipa. Alipokula aliacha fedha chini ya sahani au mkononi mwa mama wa nyumba. Wapinzani wake husema huko kulikuwa kununua ukimya, na sina haja ya kubishana nao. Jambazi anayesakwa ana sababu nzuri ya kuwa mkarimu. Lakini biashara hiyo ina mizani ya ajabu. Upande mmoja dola chache za chakula na malazi. Upande wa pili zawadi ya maelfu ya dola kwa atakayemtoa, katika vilima ambako watu walipitisha miezi bila kushika noti. Kama ukimya ulikuwa bidhaa ya kununuliwa tu, serikali ilitoa bei ya juu zaidi, tena kwa mbali. Na hatimaye Floyd hakupatikana vilimani. Alipatikana Ohio, katika mashamba ya watu wasiomjua.

Hapa lazima nigeuke, maana kuna makaburi njiani.

Aprili 1931, Bowling Green, Ohio, askari Ralph Castner aliwakaribia Floyd na mwenzake mtaani, risasi zikarindima, na Castner akafa siku chache baadaye. Julai mwaka huo huo, Kansas City, ofisa wa serikali kuu wa marufuku ya pombe, Curtis Burke, aliuawa katika msako. Aprili 1932, karibu na Bixby, Oklahoma, Erv Kelley, aliyewahi kuwa sherifu, alimvizia Floyd usiku karibu na shamba ambako angekwenda kumwona Ruby, mama wa mtoto wake. Kelley alifyatua, Floyd akafyatua, Kelley akafa. Watetezi husema Kelley alikuwa anawinda zawadi. Ndivyo, lakini aliacha mke na watoto katika Oklahoma ile ile, kwenye ukame ule ule na bei ile ile ya pamba. Hakuna hesabu ya riba itakayomfanya Kelley kuwa mwenye benki.

Halafu Boley. Ningependa kila anayeandika kuhusu jambazi wa wanyonge alazimishwe kwanza kupita Boley.

Boley ni mji wa watu Weusi katika kaunti ya Okfuskee, ulioanzishwa 1903 kwenye ardhi ya uzao wa watumwa walioachwa huru na taifa la Wahindi Wekundu wa Creek. Booker T. Washington, kiongozi mashuhuri wa Wamarekani Weusi, aliutembelea mwaka 1905 na kuusifu kama mfano wa kile ambacho Weusi wangeweza kujijengea wakiachwa wapumue. Ulikuwa na maduka yake, shule zake, na benki yake ya Farmers and Merchants. Novemba 23, 1932, siku moja kabla ya sikukuu ya shukrani na wiki tatu tu baada ya Sallisaw, George Birdwell, yule yule mwenzake Floyd, aliingia katika benki hiyo na watu wawili. Inasimuliwa kwamba Floyd alimkataza asiende huko, akimwambia watu wa Boley hawatakaa kimya. Hakwenda naye.

Rais wa benki, D. J. Turner, alikuwa dirishani mwenyewe. Kwenye droo yake kulikuwa na noti zilizotegwa: ukizitoa, king'ora kinalia. Alizitoa. Birdwell akamuuliza kama ni yeye aliyekipiga, Turner akakubali, Birdwell akampiga risasi. Ndani ya chumba cha sefu, mtunza hesabu H. C. McCormick alikuwa na bunduki, akamwangusha Birdwell pale pale. Nje mji wote ulikuwa umeshatoka na silaha. Jambazi wa pili akauawa, wa tatu akakamatwa na majeraha. Turner alifariki.

Tazama sasa jinsi kila kitu kinavyogeuka. Sallisaw watu walisimama barazani wakatabasamu. Boley walitoka na bunduki za kuwindia. Mdororo ni ule ule, jimbo ni lile lile, na jambazi anatoka kundi lile lile. Tofauti ni kwamba benki ya Boley ilikuwa yao. Mwenye benki alikuwa mtu waliyemwona kanisani, na fedha zile zilikuwa ndizo ukuta kati yao na jimbo ambalo liliwabagua kwa sheria. Mimi naiona Boley kama jibu la swali la Sallisaw. Watu wa vilimani hawakushangilia wizi kwa kuwa hawakujua wizi ni nini. Walishangilia kwa sababu benki haikuwa yao. Ingekuwa yao, wangefanya kama McCormick.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi kidogo. Mwaka 1939 mwanamuziki Woody Guthrie alitunga wimbo uliomfanya Floyd ajulikane dunia nzima, wenye wazo lile linalokumbukwa zaidi, kwamba wengine hukuibia kwa bastola na wengine kwa kalamu. Ni wazo kali na la kweli. Lakini Guthrie alizaliwa Okemah, na Okemah ni makao makuu ya kaunti ya Okfuskee, kaunti ile ile ya Boley. Turner aliuawa na mshirika wa Floyd mwendo mfupi tu kutoka alikozaliwa mtunzi, naye hayumo kwenye wimbo. Wimbo una wakulima wenye njaa na chakula cha Krismasi. Benki ya Weusi haikutosha ndani ya beti hizo.

Kuhusu Kansas City nitakuwa mfupi, kwa kuwa waliobobea wameshaumana sana. Jumamosi ya Juni 17, 1933, nje ya stesheni ya Union, watu wenye bunduki walifyatulia gari lililombeba mfungwa Frank Nash. Walikufa Nash, maofisa watatu wa polisi na ofisa mmoja wa Ofisi ya Upelelezi, ile iliyokuja kuitwa FBI. Serikali ilisema wauaji ni Verne Miller, ambaye zamani alikuwa sherifu, pamoja na Floyd na Adam Richetti. Ushahidi dhidi yao haupuuziki: siku moja kabla, Floyd na Richetti walimteka sherifu Jack Killingsworth mjini Bolivar, Missouri, wakamwachia usiku karibu na Kansas City, na alama ya kidole cha Richetti ilitajwa kuwa ilikutwa kwenye chupa ya bia nyumbani kwa Miller. Upande wa pili, Floyd, ambaye hakuwa na kawaida ya kuwaandikia polisi, aliwatumia kadi ya posta akikana. Na utafiti wa miaka ya 1990 katika mafaili ya FBI yenyewe ulifikia hoja kwamba baadhi ya waliokufa mle garini walipigwa na bunduki ya marisau ya ofisa mwenzao aliyekuwa kiti cha nyuma. Richetti alihukumiwa kifo, akauawa kwa gesi mwaka 1938.

Ninachokitazama zaidi ni matunda ya asubuhi ile. Mei na Juni 1934 bunge la Marekani lilipitisha sheria zilizofanya wizi wa benki kuwa kosa la serikali kuu na kuwapa wapelelezi mamlaka kamili ya kubeba silaha na kukamata. Mauaji ya stesheni yalikuwa hoja kubwa ya kuzipitisha. Julai 22 jambazi mwingine wa benki, John Dillinger, aliuawa Chicago, na Floyd akapanda kuwa Adui wa Umma Namba Moja. Ofisi iliyompa cheo hicho ilikuwa imepata meno yake kutokana na kosa alilolikana.

Oktoba 1934 Floyd na Richetti, pamoja na wanawake wawili, walikuwa wakirudi kutoka Buffalo, New York. Kwenye ukungu, karibu na Wellsville, Ohio, gari liligonga nguzo ya simu. Wanawake walilipeleka kutengenezwa. Wanaume walibaki kilimani na mablanketi, wamevaa suti. Mwenyeji mmoja akawaona, akashangaa suti msituni, akamwambia mkuu wa polisi John Fultz. Richetti alikamatwa, Floyd akapenya.

Jumatatu ya tarehe 22 alitokea mlangoni kwa mjane Ellen Conkle, nje ya East Liverpool, nguo zimechakaa, akaomba chakula. Mama Conkle hakumjua. Alimkaribisha, akampikia mbavu za nguruwe na viazi, akamalizia na pudingi ya wali. Mgeni alikula, akasifu chakula, akampa dola moja. Sikwepi kuona kwamba hapa hakuwa na ukimya wa kununua. Mwanamke huyu hakujua kuna siri. Kisha akaomba lifti kwa kaka wa mama huyo, akakaa ndani ya gari akisubiri, na hapo magari ya polisi wa East Liverpool na ya wapelelezi wa serikali kuu walioongozwa na Melvin Purvis yakaingia. Alikimbia kuvuka shamba, akapigwa. Alipoulizwa kama yeye ni Pretty Boy Floyd, inasemekana alijibu kwa jina lake kamili, Charles Arthur Floyd. Alipoulizwa kuhusu Kansas City, hakukiri. Kabla ya saa kumi na nusu jioni alikuwa amekufa.

Mwaka 1979 Chester Smith, mmoja wa polisi wa East Liverpool waliokuwepo, alisema jambo lililoamsha kesi upya: kwamba ni yeye aliyemwangusha Floyd kwa bunduki, Floyd akajeruhiwa tu, na kwamba Purvis alimwamuru ofisa wake ammalize pale chini. Mpelelezi wa zamani, Winfred Hopton, alijibu kwa maandishi kwamba si kweli hata kidogo. Wazee wawili, miaka 45 baadaye, kila mmoja analinda idara yake. Maelezo ya Smith yana kasoro, maana ofisa aliyemtaja kuwa mfyatuaji inadaiwa hakuwepo siku hiyo. Lakini angalia nani aliyeona ugumu kuamini. Vilimani Cookson hakuna aliyehitaji Smith aseme mwaka 1979. Walikuwa na maoni yao kuhusu Purvis tangu 1934.

Mwili ulirudishwa kwa treni. Ruby na mtoto wao Dempsey walikuwa wameshazunguka majukwaani na onyesho lililofundisha kwamba uhalifu haulipi, kazi waliyoifanya kwa sababu walihitaji kula. Jumapili ya tarehe 28 Oktoba Floyd alizikwa Akins. Makadirio ya waliohudhuria huanzia watu 20,000 na kufika 40,000, mazishi makubwa kuliko yote Oklahoma iliyowahi kuyaona. Magari yaliziba barabara za vumbi hadi mbali.

Wanaowacheka watu hao huitaja idadi hiyo kama kipimo cha ujinga. Wengine bila shaka walikuja kutazama tu, kama watu wanavyotazama ajali. Wapo waliokuja na chakula, wakauza. Lakini wengi walikuwa wakulima, na zaidi ya nusu ya wakulima wa jimbo hilo walikuwa wakilima shamba la mtu mwingine. Hawakuwa na rehani iliyochanwa. Jioni walipanda magari yao wakarudi makwao, ambako hakukuwa kwao. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na pamba bado ilikuwa shambani, robo yake ya mwenye shamba.